Watu Wazima Wasije

3 Mei

Mama mpendwa,

Shikamoo. Huku hatujambo, isipokuwa mimi, ambaye tangu juzi sijui nicheke au nilie.

Juzi mwanangu alirudi kutoka shuleni akakuta bahasha yenye mwandiko wako: "Kwa Sindano, mkononi mwake." Jina hilo unamwita wewe peke yako, kwa hiyo hakungoja kuulizwa. Aliifungua, akasoma, akaruka mpaka akagonga kabati. Ni kadi ya harusi. Harusi yako! Nimeisoma mara nne nikidhani nimeruka mstari, lakini kila mara inasema vilevile: "Sindano, unaalikwa kwenye harusi ya bibi yako, fundi cherehani, na Babu Mizani, fundi wa mizani wa chumba cha pili, Jumamosi tarehe 28 Juni, saa tisa alasiri, uani nyuma ya duka. Njoo na njaa. Watu wazima wasije."

Watu wazima wasije! Mama, naandika kumbukumbu za baraza la mji mwaka wa kumi na tano huu. Nimewahi kuandika hoja ya diwani aliyetaka kunguru wapigwe marufuku. Jambo kama hili sijakutana nalo. Kwenye harusi zote ninazozijua watu hubishana kama watoto waje au wabaki nyumbani. Wewe umepindua meza.

Nimempigia Kaka. Wanawe wote wanne wamepata kadi, kila mmoja ya kwake, hata yule wa miaka miwili ambaye ya kwake ameshaitafuna. Kaka na mkewe hawakupata. Mdogo wetu, Mweka Hazina, hana mtoto, basi kwake haikufika hata bahasha tupu.

Simu zangu hupokei. Kama kuna jambo limekuudhi, tuambie. Sisi ni wanao.

Binti yako,
Katibu


9 Mei

Katibu,

Marahaba. Simu yangu nzima. Siipokei kwa sababu ninyi watatu kwenye simu hunipokezana kama mzigo, huyu akichoka anamwachia yule, na mwisho wa yote naambiwa nipumzike. Maandishi mlianza ninyi. Tutamalizana kwa maandishi.

Unauliza kama kuna jambo limeniudhi. Fungua droo yako ya nakala, utoe kumbukumbu za kikao cha tarehe 12 Aprili, kilichofanyika sebuleni kwa kaka yako. Ninazo. Usianze kumtafuta aliyenipenyezea, ni wewe mwenyewe, kwa posta, stempu imekaa sawa kama askari. Mwisho wa ukurasa umeandika kama unavyoandika kazini kila siku: "Nakala kwa wajumbe wote, waliohudhuria na waliokosekana." Na mimi umeniorodhesha kati ya waliokosekana. Mkono wako una mazoea kuliko kichwa chako, mwanangu, na kwa hilo nakushukuru.

Ajenda ya kwanza: Suala la Mama. Kumbe mimi ni suala! Nimeshona sare za shule miaka thelathini na mitano, nimewasomesha watatu kwa mguu mmoja wa kulia juu ya pedali, na nilipofika sitini na sita nimekuwa suala, kama mitaro iliyoziba.

Waliohudhuria: Mwenyekiti, Katibu, Mweka Hazina. Baba yenu aliwapa vyeo hivyo mkiwa wadogo ili mgawane peremende bila kupigana. Angejua mtakavyovitumia angewaacha mpigane.

Waliokosekana bila udhuru: Mama.

Bila udhuru! Udhuru wa kikao nisichoitwa ningeutoa kwa nani, kwa ukuta?

Azimio la tatu: "Kikao kwa kauli moja kimeona kuwa ndoa hiyo haifai, kwa umri wa mhusika na kwa heshima ya marehemu, na kwamba mhusika aelekezwe kwa upole." Kwa upole, kama mbuzi anayerudishwa zizini. Chini yake sahihi tatu. Ya kwako ndiyo nadhifu kuliko zote.

Basi na mimi nilifanya kikao na cherehani yangu. Tuliona hivi: walioamua kwamba sina akili ya kuchagua wa kunioa hawana haja ya kuja kunitazama nikiolewa. Watoto hawakuniketia kikao. Watoto waje.

Siombi radhi, na ruhusa ndiyo siombi kabisa.

Mama yenu,
Mhusika


15 Mei

Mama,

Shikamoo. Nilipofika kwenye neno "nakala" nilikaa chini, sakafuni, jikoni, mbele ya mwanangu. Ningeweza kuirudisha bahasha ile kutoka posta kwa meno ningefanya hivyo.

Lakini nikuombe unielewe. Katibu haandiki anachotaka yeye. Anaandika kilichoamuliwa. Ndiyo kazi, na ndiyo niliyoifanya siku ile.

Na Kaka naye si mtu mbaya. Yeye ndiye aliyesimama kaburini kwa Baba miaka tisa iliyopita wakati sisi tumeanguka. Ni mwalimu mkuu. Wazazi wa wanafunzi wake wameanza kumtania getini, wanamuuliza kama atamsindikiza bibi harusi au atabeba shada. Mweka Hazina, tangu asikie, akija kwangu anakaa tu anazungusha saa ya Baba mkononi. Na huyo fundi mizani hatumjui. Tunajua anakaa chumba cha pili na ana koti la buluu. Basi.

Sasa naomba tuongee kama watu wazima. Sindano ana miaka kumi. Hawezi kukaa kwenye basi saa sita peke yake. Nikimleta nitasimama wapi? Getini, kama niliyekuja kuuza karanga? Ukinizuia mimi umemzuia na yeye. Nimeshamwambia: kama mama yake hakualikwa, haji.

Fikiria tena, Mama. Kadi inaweza kuandikwa upya.

Katibu


21 Mei

Katibu,

Umenitisha kwa mtoto. Umenishika pabaya, sikatai. Sasa kaa, nami nikukumbushe kadi nyingine.

Miaka kumi na minane iliyopita uliolewa. Kadi zako zilikuwa nzuri, za rangi ya maziwa, na chini kulikuwa na mstari: "Watoto wabaki nyumbani." Aliyeamuru ni baba yenu, Mungu amrehemu, kwa sababu bosi wake angekuja na alitaka ukumbi mtulivu. Mweka Hazina alikuwa na miaka minane. Nilikuwa nimemshonea suti ya kijivu, koti na suruali, nikamwachia akiba ya pindo vidole vitatu kama ninavyofanya kwenye sare zote, ili mtoto akirefuka unafumua na kushusha. Siku ile aliivaa saa kumi na mbili asubuhi. Saa tatu nikampeleka kwa jirani, na suti yake, na tai yake, nikamwambia tunarudi sasa hivi.

Tulirudi jioni. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, tai bado iko shingoni. Hakulia. Aliniuliza, "Dada ameshaondoka bila kuniaga?"

Suti ile hakuivaa tena. Ninayo kabatini, pindo halijawahi kushushwa. Bosi wa baba yenu hakuja.

Simsingizii marehemu. Yeye aliamuru, lakini mimi nilinyamaza, na kunyamaza kwangu niliita heshima. Kwa hiyo ninyi mkiniandikia neno heshima, mimi naona tai ndogo kwenye ngazi. Msinitishe nalo.

Unasema hamumjui mwanamume huyu. Ni kweli. Watoto wanamjua. Wakija kupimwa sare wakakuta foleni, yeye huwaita chumba cha pili, huwapandisha kwenye mizani aliyomaliza kuitengeneza, na uzito wa kila mmoja huuandika kwa chaki kwenye fremu ya mlango wangu. Miaka minne sasa. Kuna mmoja wa darasa la pili, hana meno ya mbele, aliniambia, "Bibi, Babu Mizani ukipita anasahau namba." Yule alijua kabla yangu.

Januari, shule zinafunguliwa, duka limejaa, nimepiga magoti napima pindo, pini sita mdomoni, akaja akasimama na koti lake la buluu akaniuliza kama nitakubali kuolewa naye. Mbele ya watoto kumi na mmoja! Sikuweza kufungua mdomo, ningemeza pini. Watoto wakajibu kwa niaba yangu. Nilipozitema zote nikasema, mmesikia. Hao ndio walioshuhudia. Sasa nikafanye sherehe niwaambie wabaki nyumbani ili kaka yako apate pa kukunjia sura?

Sindano asipokuja itaniuma. Naandika wazi ili usije ukadhani nimejikaza: itaniuma mpaka naingia kaburini. Lakini kadi siiandiki upya.

Mama yenu


24 Mei

Kwa Bibi,

Shikamoo Bibi. Stempu nimeichukua kwenye droo ya Mama, kwa hiyo barua hii ni siri.

Mama amesema siji. Niligoma kula mchana, lakini jioni kulikuwa na kuku.

Nataka kukuambia habari za kikao kwa sababu nilikuwepo. Nilikuwa nyuma ya kochi nasoma. Watu wazima wakihesabu waliohudhuria hawaangalii nyuma ya kochi.

Mama alisema hivi: "Mimi naona mwacheni Mama aolewe. Kwani ametuomba nini? Hajatuomba hata kiti." Mjomba akasema, "Wewe ni katibu, andika." Mama akasema, "Naandika, lakini na mimi nasema." Mjomba akainua mkono kama anavyofanya shuleni kwake, akasema, "Katibu hana kauli kwenye kikao." Mjomba Mdogo akacheka kidogo halafu akalia. Mama akainama akaandika. Kalamu ilikuwa inakwaruza sana.

Kwenye basi nilimuuliza mbona hukuandika ulichosema wewe. Akasema katibu hajiandiki. Bibi, ni kweli? Mimi nilipokuwa monita niliandika majina ya wapiga kelele, na nilipopiga kelele nikajiandika.

Nakupenda. Msalimie Babu Mizani. Mwambie nimefika kilo ishirini na tisa.

Sindano


30 Mei

Kwako Katibu,

Salamu. Tumeonana mara moja tu, mwaka juzi, ulipopita dukani ukanipisha kwenye benchi ukidhani ni mteja. Nilikaa. Lilikuwa benchi langu.

Mama yako hajui kama nimeandika. Akijua atanishona mdomo, na ana uzi wa kutosha.

Kabla ya sherehe ya uani tutakwenda kwa msajili wa ndoa, saa nne asubuhi. Msajili anataka mashahidi wawili, watu wazima wenye vitambulisho, mmoja kila upande. Wa kwangu ni dada yangu. Mama yako hana. Nimemuuliza mara tatu. Mara ya tatu alisema atamkamata mpita njia yeyote mwenye viatu. Lakini fomu nimeiona. Kila mahali amejaza kwa wino. Penye shahidi wake aliandika kwa penseli, akafuta. Nimeiinua kwenye mwanga wa dirisha. Alama bado ipo, nayo ni jina lako.

Kazi yangu ni kurekebisha mizani, na mtu wa kazi hii akibonyeza sahani kwa kidole hafai. Kwa hiyo sikuambii ufanye nini. Nimekuonyesha tu kilichowekwa juu yake.

Wako,
Fundi Mizani


2 Juni

Katibu,

Nimeambiwa ulichokisema kwenye kikao. Usiulize nimeambiwa na nani, na usimguse.

Ulidhani nitafurahi? Nimekasirika upya. Nilimaliza hasira ya kwanza wiki iliyopita, nikawa nimeshakaa sawa, sasa umenitoa tena kwenye kiti.

Kaka yako namwelewa. Anaogopa kuchekwa, akalisema, likaandikwa. Mdogo wako ana lake la kulia, na sehemu ya kilio hicho ni deni langu la siku nyingi. Lakini wewe! Wewe ulisimama upande wangu, kwa mdomo wako, mbele ya kaka yako, halafu ukachukua kalamu ukajifuta. Ukaandika "kwa kauli moja" ukijua zilikuwa mbili. Usiniambie hiyo ni kazi ya katibu. Huo ni uongo wenye mwandiko mzuri.

Nimewaona watu wa namna yako maisha yangu yote, na karibu wote ni wanawake. Wanafika wa kwanza, wanapanga viti, wanachemsha chai, wanaandika kila alichopayuka kila mwenye koti, na mwisho wanafagia. Ukija kufungua daftari baada ya miaka hamsini, utakuta kila mtu alisema isipokuwa wao. Watu watasema hawakuwa na la kusema. Nani atawabishia? Ushahidi waliuandika wenyewe! Anayekunyamazisha ana nguvu ya siku moja, binti yangu. Anayejifuta amemfanyia mwenzake kazi ya miaka yote iliyobaki.

Na usidhani nakusema kutoka juu ya dari. Ulijifunza kwangu. Uliniona nikimpeleka mdogo wako kwa jirani huku nimevaa gauni zuri na mdomo umefungwa. Ulikuwa dirishani unasukwa nywele. Tulitazamana. Hukusema na mimi sikusema.

Kadi ni ileile. Nimeongeza kiraka kidogo, nimekibandika mlangoni pa duka: kila mtoto anaweza kuja na mtu mzima mmoja, atakayemchagua mwenyewe, naye atawajibika kwa tabia yake. Mtu mzima akianza hotuba, mtoto amkalishe. Akianza habari za umri wangu, mtoto amtoe nje. Sindano akikuchagua utaingia kwa mgongo wake. Asipokuchagua, mfikishe getini, ukanywe soda mahali, umrudie saa kumi na mbili.

Kuhusu yale uliyosema na hukuyaandika: yaandike. Sikuombi jambo lingine lolote.

Mama


10 Juni

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA
kilichoanza meza ya jikoni, kabla maji ya chai hayajachemka

Waliohudhuria: Katibu.

Waliokosekana kwa udhuru: Mume wa Katibu (amelala). Sindano (amelala, au anajifanya).

Waliokosekana bila udhuru: Hakuna. Hakuna aliyeitwa.

1. Kusahihisha kumbukumbu za kikao cha tarehe 12 Aprili.
Kwenye orodha ya waliokosekana, Mama aondolewe. Hakukosekana. Hakupewa kiti.
Kwenye azimio la tatu, maneno "kwa kauli moja" yaondolewe, yasomeke "kwa kauli mbili dhidi ya moja". Kauli hiyo moja ilikuwa ya Katibu, nayo ilikuwa hivi: "Mwacheni Mama aolewe. Kwani ametuomba nini? Hajatuomba hata kiti."

2. Yatokanayo.
Katibu alieleza kwa nini alinyamaza. Mwenyekiti aliinua mkono kama yuko mbele ya darasa, na Katibu, mwenye umri wa miaka arobaini, akanyamaza kama darasa. Katibu aliona aibu kueleza hivyo lakini aliendelea.
Katibu alisema pia kuwa hampendi Fundi Mizani. Hamchukii. Hajamjua kiasi cha kufanya lolote kati ya hayo mawili. Anaomba radhi kwa habari ya benchi. Hata hivyo anayeolewa si Katibu.
Katibu aliuliza kama kwa kufanya hivi anamsaliti Baba. Maji yalichemka. Katibu aliona kwamba Baba amekufa na Mama hajafa, na kwamba katika hayo mawili Mama hana kosa.
Ilikumbukwa kwamba siku ya harusi yake, akiwa dirishani, Katibu alimwona mdogo wake akivukishwa barabara akiwa na suti ya kijivu, na kwamba angeweza kupiga kelele.

3. Azimio.
Katibu atakuwa kwa msajili wa ndoa tarehe 28 Juni saa nne asubuhi, na kitambulisho chake. Kuhusu sherehe ya uani, atangoja uamuzi wa Sindano, ambaye mpaka sasa anasema bado anafikiria.
Azimio limepita. Aliyelipitisha ametajwa.

Nakala: Mwenyekiti, Mweka Hazina, Mama, Fundi Mizani. Safari hii si kwa bahati mbaya.


16 Juni

Katibu,

Nimepokea karatasi yako. Kumbukumbu zilizokwisha kusainiwa hazisahihishwi na mtu mmoja jikoni. Ziondoe.

Wanangu hawaendi. Na wewe ukitia sahihi kule, Desemba usije ukapita kwangu. Baba angeona haya angekufa mara ya pili.

Kaka yako


19 Juni

Kaka,

Shikamoo. Barua yako imepokelewa na imewekwa kwenye jalada.

Siziondoi.

Desemba nitapita kama kawaida. Ukinifungia mlango, nitaandika tarehe na saa uliyonifungia.

Mdogo wako,
Katibu


30 Juni

Kwa Mjomba,

Shikamoo Mjomba. Mama amesema kila asiyehudhuria apate nakala, na kazi hiyo amenipa mimi, kwa hiyo mimi ndiye katibu wa harusi.

Kwa msajili tulifika mapema. Msajili alisema, "Shahidi wa bibi harusi," na Mama akasimama kabla hajamaliza kusema harusi. Alitia sahihi kubwa sana, ikatoka nje ya kisanduku. Msajili akasema imevuka mstari. Mama akasema, "Iache hivyohivyo." Bibi alitazama dari. Nadhani alikuwa analia, lakini sikuona vizuri kwa hiyo sijaandika kuwa alilia.

Uani tulikuwa watoto ishirini na sita. Nilimleta Mama. Nilimfikiria Baba pia, lakini Baba hula keki nyingi na mimi ndiye ningewajibika. Katikati ya chakula Mama akasimama kutaka kuhutubia, nikamvuta gauni akae, kama tangazo linavyosema. Bibi akasema, "Huyu mwache, Sindano. Huyu leo mwache aseme." Alisema kwa dakika saba. Nimeandika zote, ziko kurasa nne, nitakutumia ukitaka.

Tulipanda wote kwenye mizani ya magunia kwa pamoja, na Bibi katikati. Mshale ukagonga mwisho ukakwama. Babu Mizani akasema ataitengeneza Jumatatu, leo ni siku ya kuharibu.

Mjomba Mdogo alikuja saa kumi. Alisimama nje ya geti kwa sababu hana mtoto wa kumleta. Watoto watatu wakakimbia kumchukua, wakaanza kugombana. Bibi akaweka sahani chini, akaenda mwenyewe. Akawaambia, "Huyu hahitaji kuletwa na mtu. Alialikwa miaka kumi na minane iliyopita. Amechelewa tu." Akamshika mkono akaingia naye. Mama akaja mbio akamkumbatia, akamwambia, "Sijaondoka." Sikuelewa, lakini nimeandika.

Ile suti ya kijivu Bibi aliitoa kabatini. Itamtosha mwanao wa tatu. Bibi amesema akirefuka, pindo lina vidole vitatu. Ipo dukani inamngoja.

Mwisho, nimeandika orodha ya waliokosekana. Ni wewe na mkeo na watoto wanne. Watoto nimewaandika "kwa udhuru" kwa sababu walikatazwa. Wewe sikujua nikuandikeje. Mama amesema nisikuandikie mimi. Nimeacha nafasi wazi, ujaze mwenyewe, kwa wino, halafu uirudishe.

Stempu nimeweka ndani.

Sindano